Kwa Wahesabu Vyura wa Amani

Neno kujitolea, ndugu msomaji, si geni kwetu. Ni wachache miongoni mwetu ambao hawajapata kubeba matofali ya shule, kuchimba mtaro wa bomba la maji au kufyeka barabara ya kijiji bila kudai ujira. Mwenye kujitolea, kwa desturi yetu, ni mtu anayetoa jasho lake pale anapoishi, na darasa likiisha kuezekwa ni mwanawe atakayeketi ndani yake. Sasa mfikirie kijana wa Uingereza mwenye umri wa miaka kumi na tisa, anayeuza dukani majira yote ya baridi ili akusanye fedha za kulipia nafasi ya kuja kulala hemani katika milima ya Usambara Mashariki, kula wali na maharagwe kwa wiki kumi, na kutembea msituni usiku akitafuta vyura. Halipwi hata senti. Yeye ndiye anayelipa, na kiasi anachotoa kingetosha huku kununua pikipiki mpya. Akirudi kwao huwaambia wazazi wake kwamba amejitolea.

Wapo watakaocheka. Mimi nami nilicheka nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza. Lakini ukifika Amani, ukaingia msituni usiku pamoja na mtu anayeijua kazi hiyo, utaona kuwa kicheko hakitoshi kulimaliza jambo lenyewe. Katika milima hiyo kuna watu wa namna nyingi waliotoa kitu kwa ajili ya msitu, wengine kwa hiari yao na wengine bila kuulizwa sana, na si wote walioandikwa katika vitabu.

Njia ya kwenda huko ni nyepesi kwa mtu wa Tanga, na si ngumu hata kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam mwenye siku nne za likizo. Utateremka Muheza, mji wa machungwa, ambako msimu ukifika magunia hupangwa kandokando ya barabara kama askari wa gwaride. Hapo unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Amani, mwendo wa kilometa kama thelathini na sita. Mwanzoni utapita katika minazi, michungwa na mashamba ya mihogo, na hutaamini kwamba kuna msitu mbele yako. Kisha vilima vinaanza kukaribiana, joto linapungua, na mto Zigi unasikika chini upande mmoja wa njia. Penye lango la hifadhi, mahali paitwapo Zigi, ipo nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walijenga reli hadi hapo ili kushusha magogo. Reli imekwisha kung'olewa. Nyumba imebaki na leo hupokea wageni. Lipia kiingilio chako hapo, na usione haya kusema kuwa wewe ni mwananchi, kwa maana bei yako si sawa na ya mgeni wa nje.

Kutoka Zigi gari hupanda kwa kona kali, toka mita kama 450 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 900. Ukifungua dirisha utasikia harufu ya majani mabichi na udongo uliolowa. Miti imesimama pande zote mbili mirefu na minyofu, na mwanga unaofika chini ni wa kijani. Watoto waliozoea Kariakoo au Ngamiani hunyamaza hapa bila kuambiwa.

Amani yenyewe ni mahali pa ajabu kidogo. Si mji wala si kijiji. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa kilimo, wakapanda miti na mimea ya kila bara ili waone ipi ingeleta faida. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli zao zilipozuiwa baharini, dawa ya kwinini ilitengenezwa papa hapa kutokana na magamba ya mti wa mkwinini. Baadaye Waingereza waliendeleza kituo, na utafiti wa malaria ukahamia katika majengo hayo. Ukipita leo utaziona nyumba za mawe zenye mabati mekundu, bustani kubwa ya miti ambayo kila mmoja una historia yake, na ukungu unaoingia dirishani saa kumi za alasiri bila kubisha hodi.

Miongoni mwa miti iliyoletwa na wakoloni ni mmoja uitwao musizi, wenye asili ya upande wa Uganda na Congo. Ndege aina ya hondohondo walizipenda mbegu zake, wakazisambaza, na sasa musizi umejipenyeza ndani ya msitu wa asili kila palipokatwa mti. Huo ni mgeni aliyekaribishwa, naye akakataa katakata kurudi kwao. Nautaja kwa sababu habari ya Amani, tangu mwanzo hadi leo, ni habari ya wageni, na si wageni wote wenye miguu.

Mwaka 1997 serikali iliutangaza msitu huu kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye ukubwa wa hekta 8,380. Kabla ya hapo ulikuwa umepata mapigo. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 magogo yalikatwa kwa mashine na kupelekwa viwandani, kwa msaada wa Finland. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukataji huo ulisimamishwa, na Finland hiyo hiyo ikaja tena, safari hii kugharimia uhifadhi. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nchi iliyojua kusoma takwimu za hasara yake na kubadili njia inastahili kushukuriwa, ingawa miti iliyokwenda imekwenda.

Basi turudi kwa vyura. Sisi watu wa mjini tunawajua hasa kwa methali: kelele za vyura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Yaani chura ni mpiga kelele asiye na uzito. Hata hivyo, mtu wa Tanga anayefungua bomba asubuhi aelewe kwamba maji yale yametoka katika mto Zigi, yamepita bwawa la Mabayani, na chanzo chake kimo katika makorongo haya haya ambamo vyura wanalia. Mvua inayonyesha Amani kwa mwaka inakaribia milimita 2,000. Msitu huipokea kama sifongo na kuiachia polepole, ndiyo maana Zigi hutiririka hata kiangazi. Chura naye anaishi ndani ya sifongo hiyo. Ngozi yake ni nyembamba, hupitisha hewa na maji, na kila kibaya kilichomo katika maji hayo humfikia yeye kwanza. Kwa hiyo anayehesabu vyura anapima, kwa njia ya mzunguko, hali ya maji ya kunywa ya watu walioko mbali na hapo.

Mahesabu yenyewe si mazuri. Uchunguzi wa dunia nzima uliotolewa mwaka 2023, uliotazama zaidi ya aina 8,000 za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, ulionyesha kuwa karibu aina mbili katika kila tano zimo katika hatari ya kutoweka. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililo katika hali mbaya kama hiyo. Na milima yetu ya Mashariki, kutoka Taita nchini Kenya kupitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa, ina vyura wengi wasiopatikana mahali pengine popote. Kila mlima umekaa peke yake kama kisiwa, na chura wa mlima mmoja hawezi kuvuka joto la bondeni kwenda kumtembelea ndugu yake wa mlima wa pili. Wataalamu wamelitambua hilo hata katika majina. Chura mmoja wa Usambara Magharibi aliitwa Callulina kisiwamsitu. Mwingine, kutoka milima ya Ukaguru, alipewa mwaka 2002 jina ambalo mwanao wa darasa la pili anaweza kulifasiri bila kamusi: Churamiti maridadi.

Vijana wa kujitolea walianza kuja namna gani? Mwaka 1989 shirika moja la London, Society for Environmental Exploration, lilianza kufanya kazi nchini pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpango wao ulijulikana kwa jina la Frontier Tanzania. Katika miaka ya 1990 walipiga kambi katika msitu mmoja baada ya mwingine wa Usambara Mashariki, wakiorodhesha miti, ndege, popo, mijusi na vyura. Fedha za kambi zilitoka kwa vijana wenyewe. Orodha zao ziliingia katika taarifa za mradi wa uhifadhi ulioendeshwa na serikali kwa msaada wa Finland. Misitu midogo ya chini, ambayo hapo awali ilionekana kama mabaki tu ya vichaka, ilipata kwa mara ya kwanza kitabu cha mali zake.

Kazi ilikuwa hivi. Ndoo kumi na moja za lita ishirini hufukiwa ardhini kwa mstari, hatua chache kati ya moja na nyingine, hata midomo yake iwe sawasawa na udongo. Chini hutobolewa matundu ili maji ya mvua yasiwazamishe watakaoanguka humo. Juu ya mstari husimamishwa ukuta mfupi wa nailoni unaopita katikati ya midomo ya ndoo. Chura anayetembea usiku hukutana na ukuta, huufuata akitafuta mwisho wake, naye hutumbukia. Vivyo hivyo mjusi na kirukanjia. Alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, mtu hupita kukagua kila ndoo. Aliyemo hupimwa urefu na uzito, huandikwa, huachiwa. Kisha kesho tena, na kesho kutwa. Ni kazi ya uvumilivu kama ya karani wa ghala, isipokuwa ghala lenyewe lina siafu.

Usiku ndipo kazi inapokuwa na utamu. Mwongozaji wako atakutangulia na kurunzi, naye atakuomba usimame na kusikiliza. Mwanzoni utasikia kelele moja kubwa isiyo na mwanzo wala mwisho. Baada ya dakika kumi itaanza kugawanyika. Mlio ule mfupi mkali, kama mtu anagonga chuma kwa kijiti, ni wa chura mdogo mwenye urefu wa kidole gumba kilichokatwa nusu, aketiye juu ya jani. Wataalamu humwita Nectophrynoides tornieri. Mtazame kwa heshima, kwa kuwa yeye hatagi majini kama vyura wengine. Mama hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, wadogo kama punje za mtama. Vyura wa namna hii ni wa nadra sana duniani, na aina nyingi zaidi za kundi lake zimo katika milima ya Tanzania.

Penye kijito utaona chura mkubwa wa kahawia amebandika tumbo kwenye jiwe linalomwagikiwa maji, na viluwiluwi wake wamening'inia kwenye uso wa mwamba uliolowa bila kuanguka. Juu ya shina la mti yupo mwingine mnene, mzito, asiyependa kuruka. Yeye hutembea polepole kama mzee anayetoka msikitini. Yupo wa kijani aliyechorwa mistari myembamba kana kwamba mtu alimjaribia kalamu. Na mvua ikiwa imenyesha sana, huenda ukabahatika kukutana njiani na kiumbe asiye na miguu, mwenye rangi ya waridi ubavuni na mstari wa giza mgongoni, ambaye wengi humdhania mnyoo au nyoka na kumpiga jiwe. Naye ni jamaa wa vyura. Hana sumu ya kukudhuru. Mpishe apite.

Mwaka 2004 wataalamu walitangaza aina tano mpya za vyura wanaozaa, wote kutoka milima yetu. Mmoja wao, wa Amani yenyewe, aliitwa Nectophrynoides frontierei, kwa heshima ya wale vijana wa Frontier na kambi zao. Ni haki yao. Waliloa, waliugua malaria, walibeba ndoo mgongoni. Lakini katika kila kambi palikuwa pia na watu wa vijijini waliofyeka njia, waliojua jina la kila mti kwa Kisambaa, waliotambua kwa sikio ni chura gani analia hata kabla kurunzi haijawashwa. Majina yao, yakiandikwa, aghalabu yamo katika ukurasa wa shukrani. Kijana wa wiki kumi, siku anayoanza kutofautisha vyura wawili wanaofanana, ndiyo siku anayofunga mizigo. Anayekuja baada yake huanza upya, na anayemfundisha ni yule yule mwenyeji. Kwa maoni yangu, mwalimu wa chuo hicho anajulikana, ingawa hana cheti ukutani.

Swali la nani anabaki na elimu si la kinadharia tu. Limo ndani yake suala la taa ya nyumbani kwako. Nifuate kidogo tutoke Usambara, twende kusini hadi korongo la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, kwa sababu chura mashuhuri kuliko wote nchini alikuwa huko, na ni ndugu wa ukoo mmoja na yule mdogo wa Amani anayegonga chuma.

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996. Ni wa rangi ya manjano, hafiki urefu wa sentimeta tatu, naye pia huzaa watoto badala ya kutaga. Makao yake yote duniani yalikuwa kipande cha ardhi chenye ukubwa wa hekta kama mbili, chini ya maporomoko, ambako manyunyu ya maji yalirushwa usiku na mchana. Aligunduliwa wakati bwawa la umeme limekwisha kuanza kujengwa juu yake. Kituo cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180, kilizinduliwa mwaka 2000, wakati ambapo mgawo wa umeme ulikuwa umewachosha wenye viwanda na wenye majokofu. Maji yaliyokuwa yakianguka korongoni yaliingizwa katika handaki kwenda kuzungusha mitambo, na karibu sehemu tisa katika kumi za maji ya maporomoko zikatoweka.

Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuigiza manyunyu. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Kwa muda ilionekana kuwa mambo yamekaa sawa. Mwezi Juni 2003 vyura waliokadiriwa kuwa korongoni walizidi 20,000. Januari 2004 walionekana watatu tu, na madume wawili wakasikika wakilia. Baada ya mwaka huo hakuonekana tena hata mmoja, na mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Ni nini kilichowaua kwa miezi sita? Wataalamu wamebishana. Wapo waliotaja kukatika kwa maji ya mabomba, wapo waliotaja dawa za mashambani zilizoteremka na maji. Lakini katika ngozi za vyura waliokufa ilikutwa kuvu iitwayo kitridi, ambayo imekwisha kuwaua vyura wengi katika Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na Australia. Kuvu hii husafiri majini na katika matope. Matope husafiri katika nyayo za viatu.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka kabisa. Maana anayetoka korongo moja kwenda jingine, kutoka nchi moja kwenda nyingine, ni nani kama si yule yule mpenzi wa vyura? Mvuna kuni wa kijijini haendi Costa Rica mwaka huu na Usambara mwaka ujao. Kwa sababu hiyo watafiti wa amfibia duniani sasa wana masharti makali: viatu husuguliwa na kuoshwa kwa dawa na kukaushwa kabla ya kuingia msitu mwingine, na kila chura hushikwa kwa glavu mpya au mfuko mpya. Kihansi hakuna mgeni anayeshuka korongoni kabla ya kukanyaga beseni la dawa. Ukienda Amani, safisha buti zako nyumbani, uondoe kila bonge la udongo, uzianike juani. Hilo ni la bure.

Sehemu ya pili ya habari ya Kihansi ndiyo inayonipa moyo. Wale vyura wa New York nusura waishe. Idadi yao ilishuka chini ya mia moja, kabla ya watunzaji wao, na wenzao wa bustani ya Toledo, kujifunza taa gani wanaihitaji na chakula gani. Kisha wakaongezeka kwa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, wakapokewa katika maabara maalumu ya Chuo Kikuu, chini ya mikono ya vijana wa Kitanzania waliokwisha kujifunza kuwalea. Mwezi Desemba 2012 wapatao 2,000 waliachiliwa tena Kihansi. Kumrudisha porini amfibia aliyekwisha kutoweka huko ni jambo la nadra sana. Kazi haijaisha, kuvu bado ipo, na mabomba yanahitaji fundi kila siku. Lakini elimu ya kumlea chura huyu sasa ipo kwetu, haikubaki nje.

Tukirudi Usambara, sharti nimtaje mtu mwingine ambaye hakupata kuitwa mwenye kujitolea. Wakulima wa vijiji vinavyozunguka Amani walilima iliki chini ya miti mikubwa kwa miaka mingi. Iliki yapenda kivuli, kwa hiyo mti haukatwi. Kinachofyekwa ni vichaka na miche yote ya chini, na miti mizee ikianguka hakuna inayoshika nafasi yake. Kati ya msitu wa Amani na misitu ya kaskazini ulikuwapo ukanda wa Derema, wa hekta karibu 960, uliojaa mashamba ya iliki. Katika miaka ya 2000 serikali iliamua kuuingiza katika hifadhi ili wanyama na mbegu zipate njia. Wakulima zaidi ya elfu moja walihusika. Fidia ilihesabiwa kwa mazao yaliyokuwa shambani, na malipo yalichukua miaka. Mzee aliyetegemea iliki kumsomesha mjukuu alitoa kwa ajili ya vyura hao kuliko kijana yeyote wa London, wala hakuna aliyemwandikia barua ya shukrani. Nasema haya si kwa kuupinga uamuzi. Msitu uliokatika vipande viwili hufa pande zote mbili. Nasema ili unapokunywa chai ya iliki ukumbuke bei yake imelipwa na nani.

Siku hizi kambi kubwa za wiki kumi si habari ya Amani tena. Wanaokuja ni wanafunzi na watafiti, na kozi za mwezi mmoja kama zile za Tropical Biology Association ya Cambridge, ambazo huwachanganya vijana wa Afrika na wa Ulaya katika bweni moja na zamu moja ya vyombo. Hilo naliona jema zaidi. Kijana wa Morogoro na wa Manchester wanapopima chura mmoja, kila mmoja huondoka na daftari lake. Vijiji navyo vimepata kitu: waongozaji wanalipwa, na hadi mwaka 2016 walikuwapo wafugaji wa vipepeo waliouza pupa wao ng'ambo kwa ajili ya nyumba za maonyesho, biashara iliyohitaji msitu usimame.

Ukipanga safari, epuka katikati ya masika ikiwa unaogopa matope, lakini fahamu kuwa vyura hawaogopi, na usiku wa mvua ndio wao. Chukua kurunzi kwa kila mtu, sweta, na viatu vya mpira vilivyooshwa kama nilivyoeleza. Watoto wafundishwe kutazama kwa macho, maana mafuta na dawa za mbu mikononi huiunguza ngozi ya chura. Omba mwongozaji wa hifadhi, wala usimpunje malipo yake.

Naye akikupitisha penye mgomba wa mwitu, utaona anasimama, anafunua makwapa ya majani moja moja na kuchungulia ndani kwa kurunzi. Anatafuta. Mwaka 1926 mtaalamu mmoja, Arthur Loveridge, aliokota hapa Amani chura mmoja mdogo wa aina isiyojulikana, na mwaka 1928 chura huyo akapewa jina la Parhoplophryne usambarica. Huyo mmoja yumo katika chupa, kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Hajaonekana wa pili tangu hapo. Jamaa zake walio karibu hutaga katika maji kidogo yanayotuama ndani ya mianzi iliyovunjika na katika makwapa ya migomba. Zoezi hilo huchukua muda, na pengine mvua itakuwa imeanza. Msubiri amalize mgomba wake.